Pistoni Zilizofuliwa: Ya Kuuliza Kabla ya Kulipa



Neno la Kiingereza linalochapwa kwenye maboksi ya pistoni hizi lina maana mbili: kufua chuma, na kughushi. Muuzaji hulitaja kwa maana ya kwanza. Mnunuzi asiye mwangalifu huweza kuondoka dukani na ya pili.

Pistoni nyingi za magari yetu ni za kusubu, yaani aluminiamu iliyoyeyushwa humiminwa katika kalibu. Iliyofuliwa hupatikana kwa kukandamiza kwa nguvu kubwa kipande cha aluminiamu kilichopashwa moto pasipo kuyeyushwa. Ya kusubu ikizidiwa hupasuka ghafla, ilhali iliyofuliwa huvumilia mengi kabla ya kuvunjika. Mwenye injini iliyoongezewa tabochaja, au gari la mashindano, ana sababu ya kuigharamia. Mwenye gari la kwenda kazini na kurudi hana haja nayo, hata fundi aisifu vipi.

Ukiwa na hakika unaihitaji, uliza aloi. Zilizoenea ni mbili: 4032 na 2618. Ya kwanza ina silikoni ya takriban asilimia 12, kwa hiyo haitanuki sana katika joto, nayo huweza kukaa karibu na ukuta wa silinda. Hulifaa gari la barabarani lililoongezewa nguvu kwa kiasi. Ya pili karibu haina silikoni. Hustahimili zaidi injini inapogonga kwa sababu ya petroli hafifu au presha kubwa ya tabochaja, lakini hulika upesi na hutanuka zaidi, hivyo hudai nafasi pana, mara nyingi karibu sehemu ya kumi ya milimita. Asubuhi, injini ikiwa baridi, utaisikia ikigongagonga. Ikishapata moto mlio hupungua. Hiyo si kasoro. Kasoro ni fundi kuibana nafasi hiyo ili injini isikike tulivu, kwani pistoni itatanuka, itakwaruza silinda na hatimaye kukwama, na hasara yake hupita mbali bei ya pistoni.

Nafasi haikisiwi. Mtengenezaji makini huweka ndani ya boksi karatasi inayoonyesha nafasi inayotakiwa na mahali hasa pa kuipima pistoni. Karatasi isipokuwepo, mimi nisingelipa. Tena, nunua pistoni kwanza, ndipo silinda zichongwe kwa kuzifuata. Wengi hufanya kinyume, kisha hulazimika kutafuta pistoni za kulingana na tundu.

Risiti iandikwe namba ya aloi, kipenyo na namba ya bidhaa. Maneno “pistoni imara” hayatakusaidia siku ya malalamiko. Zote zipimwe uzito na kipenyo mbele yako, kabla ya kuvishwa ringi, maana zikishavishwa na kupakwa oili muuzaji hupata kisingizio cha kukataa kuzipokea.