BUSTANI YA PAMOJA KABLA YA MASIKA
(Maelezo yaliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, mtumishi wa serikali, katika mkutano wetu wa mwaka)



Nilipoombwa kusema machache juu ya kuanzisha bustani ya pamoja, nilicheka. Tuliokaa bweni moja tunakumbuka jembe lilikuwa nini kwetu. Aliyechelewa namba alipewa ngwe moja. Aliyekutwa akipiga soga wakati wa prepu, ngwe mbili. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967 alitaka shamba liwe sehemu ya masomo, na wanafunzi wenyewe washiriki kuamua mambo yake. Sisi tulilijua kama adhabu tu. Nilimaliza kidato cha sita nikiwa nimeapa kutoshika mpini tena, na kwa miaka mingi nilitimiza kiapo hicho.

Kilichonibadilisha kwanza ni masomo ya mwaka mmoja Uingereza. Kule, tangu sheria ya mwaka 1908, halmashauri hutakiwa kutenga viwanja vya bustani kwa wananchi wanaovihitaji. Kiwanja cha kawaida ni kama mita 250 za mraba, kwa kodi ndogo. Majira ya baridi yakianza kuisha, Machi na Aprili, utawaona wazee kwa vijana wakigeuza udongo, lakini nyanya hawazitoi nje mpaka wawe na hakika kwamba jalidi imekwisha. Wao husubiri joto, sisi husubiri mvua. Kazi ni ile ile: kujiandaa kabla.

Basi niliporudi, nikajiona mtaalamu. Nyuma ya nyumba tulizopangiwa watumishi palikuwa na uwanja mtupu. Tukakusanyana familia kumi na nne, tukachagua viongozi, na mimi nikawa katibu. Mihtasari ya vikao ilikuwa safi kabisa. Tatizo ni kwamba tulianza Aprili, mvua ikiwa imekwisha kukolea. Tukapanda nyanya tupu, kwa sababu nyanya zina bei. Hatukuinua matuta. Maji yakatuama, ukungu ukaingia, na katika muda wa wiki mbili majani yalikuwa meusi kana kwamba yamepitiwa na moto.

Hilo la nyanya lilisameheka. Lisilosameheka ni jingine. Palikuwa na mama mmoja mjane, jirani yetu, ambaye alfajiri kabla hajaenda kazini alikuwa akipalilia tuta la mchicha alilolipanda pembeni. Mchicha ndio pekee uliostawi. Jioni tulikuwa tukipita na kuchuma, mimi katibu nikiwa mmojawapo, na sikumbuki kama niling'oa hata gugu moja. Siku moja alinisimamisha akaniuliza, "Baba, hii bustani ni ya pamoja wakati wa kuchuma tu?" Sikuwa na jibu. Juma lililofuata hakuonekana tena, na baada ya mwezi uwanja ulirudi kuwa majani.

Ndugu Mwenyekiti, nasema haya mbele ya watoto kwa sababu leo nataka kuomba jambo. Pale nyuma ya jiko la shule pana kipande kilicholala. Nimekipima kwa hatua, nacho hakipungui mita 20 kwa 30. Maji ya kuoshea mboga na mchele yanapotea mferejini hatua chache tu kutoka hapo. Nashauri tukianzishe sisi na vijana hawa, na tuanze sasa, Februari, masika isitukute tumeshika mikono nyuma.

Kwanza tupate ruhusa ya maandishi ya kutumia ardhi hiyo, na muda wake. Nimeona bustani nzuri ikifyekwa kwa ajili ya maegesho. Kisha tuchimbe shimo la sentimita 30, tulijaze maji, tutazame yanakauka kwa muda gani. Yakikaa mpaka kesho yake, tujue hapo patatuama. Matuta yawe na upana wa mita moja, ili mtu afike katikati bila kukanyaga udongo, na yainuliwe sentimita 20 au zaidi. Samadi iwe imeoza vizuri, debe moja kwa kila mita ya mraba. Mbichi huunguza miche.

Tuanze na mchicha, maana unachumwa baada ya wiki tatu hadi nne, na watu wakila mapema hawakati tamaa. Sukuma wiki isiwe kwenye kitalu mwezi mzima halafu ikasahaulika. Nyanya tuzisie kitaluni Mei, tuzihamishe Juni mvua zikipungua. (Ndugu zangu mnaotaka kuanza na nyanya, nawaona. Niulizeni mimi.)

Juu ya yote, kila tuta liwe na wenyewe: vijana watano na mmoja wetu tunaokaa karibu. Wanaolihudumia wachume kwanza, sehemu inayobaki iende jikoni. Daftari la zamu liwe wazi, na walishike wanafunzi, wala asilishike katibu wa aina yangu. Nakuomba pia, Ndugu Mkuu wa Shule, kwa heshima zote, pasiwepo kijana atakayepelekwa pale kwa kosa. Siku tutakapofanya hivyo, hawa nao wataapa kama nilivyoapa mimi.

Jumamosi ijayo, saa moja asubuhi, nitakuwa nyuma ya jiko. Mbegu za mchicha nitaleta mimi, kamba na vigingi ninavyo. Jembe kila mtu aje na lake.