Daftari la Mapokezi na Mwanafunzi Asiyerudi
(Mada kwa semina ya washauri nasaha na walezi wa wanafunzi, Manyoni, Singida)

Miiko ya ushauri nasaha sote tuliisoma darasani, kwa hiyo sitakaa kwenye fasili. Kwa mada hii, aliyeacha ushauri mapema ni mwanafunzi aliyekubaliana na mshauri wakutane tena, kisha hakurudi ilhali kilichomleta bado kipo. Watafiti Joshua Swift na Roger Greenberg, waliochambua tafiti 669 za tiba ya kisaikolojia mwaka 2012, walikuta kwa wastani mteja mmoja kati ya watano huacha kabla ya wakati, na vijana huacha zaidi.

Sababu tunazotajiana kila semina ni zilezile: mitihani, mafunzo kwa vitendo, bumu (fedha ya mkopo ya kujikimu) kuchelewa hadi nauli inakosekana, mshauri mmoja kwa wanafunzi wengi mno. Zote ni za kweli. Naomba nizipite, maana ipo moja niliyoiandikia barua miaka nenda miaka rudi, na haihitaji bajeti kubwa. Ni siri kutotunzwa.

Katika vyuo vyetu vingi chumba cha ushauri kimo ndani ya ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, ofisi hiyohiyo ya nidhamu, vyumba vya hosteli na malalamiko ya mkopo. Kwenye benchi la nje mwanafunzi anabanana na aliyeitwa kujieleza kwa kupigana, na kiongozi wa darasa lake anayefuatilia majina ya bumu. Mapokezi anasukumiwa daftari: jina, namba ya usajili, kozi, simu, saini, na safu ya mwisho imeandikwa "Shida". Kalamu iko mkononi, lakini macho yanapanda juu. Anasoma nani alitangulia na kaandika nini. Papo hapo anajua kwamba naye atasomwa. Anaandika "binafsi", anaingia, anazungumzia alama zake za mtihani mpaka muda unaisha, anapewa tarehe ya wiki ijayo. Harudi. Nasi kwenye ripoti ya robo mwaka tunaandika kwamba mteja hakutoa ushirikiano. Hilo linaniuma.

Kijana wa Manyoni anayesoma Dodoma ana mzigo wa ziada. Kwao ni mwendo wa saa chache tu kwa basi, na karani wa mapokezi aweza kuwa jirani wa shangazi yake. Mwenye mawazo ya kujiua ana hofu nzito kuliko wote, kwa kuwa kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Sisi watumishi hatutungi sheria, na siombi semina hii itoe tamko. Daftari, hata hivyo, liko mikononi mwetu.

Napendekeza daftari liondolewe. Mwanafunzi apewe namba, na jalada lake likae kwenye kabati ambalo ufunguo anao mshauri peke yake. Chumba kihamishiwe zahanati ya chuo, ambako anayesubiri hadhaniwi lolote zaidi ya malaria. Mshauri asiwe mjumbe wa kamati ya nidhamu. Menejimenti ipewe idadi, isiombe majina. Karani wa mapokezi afundishwe, naye asaini kiapo cha siri. Siku ya kwanza, kabla mwanafunzi hajafungua kinywa, aelezwe siri yake inaishia wapi, hasa uhai unapokuwa hatarini. Likizo isikate huduma: kwa ridhaa yake aunganishwe na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ya kwao. Rufaa ya kwenda Hospitali ya Afya ya Akili Mirembe iende kwenye bahasha iliyofungwa, isipitie masijala. Washauri waongezwe kadiri bajeti itakavyoruhusu. Majina yasiombwe, nalisema tena kwa sababu mwakani yataombwa. Na daftari, Ndugu Mwenyekiti, liondolewe Jumatatu asubuhi. Halihitaji waraka wala kikao.