Maji ya Bwawa na Saa ya Kuogelea

Leo tuangalie bwawa la Kidatu, kusini ya Mikumi, katika mto Ruaha Mkuu, lililoanza kutoa umeme mwaka 1975. Wakati wa kipupwe, Juni na Julai, maji hupoa. Novemba jua huyapasha moto, nawe ukipiga mbizi utakuta baridi chini, maana maji ya moto ni mepesi, hukaa juu. Basi nani asiyependa kuoga adhuhuri? Hata mimi nilipenda. Kumbe ndiyo saa mbaya! Vijidudu vya kichocho hutoka katika konokono kwa mwanga na joto, wakapenya ngozi hata isiyo na jeraha. Alfajiri ni wachache. Lakini mamba hawana saa. Ukikojoa damu, nenda hospitali upesi, dawa ipo.