Hesabu Sokoni na Msamiati wa Kiswahili

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa hisabati. Dai hilo halijapita sokoni. Muuza nafaka wa pwani alijua tangu zamani kwamba vibaba viwili ni kisaga kimoja, na visaga viwili ni pishi. Yaani, kibaba ni robo ya pishi. Robo, theluthi na thumni ni maneno yenye asili ya Kiarabu, kama sita, saba na tisa yaliyosukuma kando mtandatu, mfungate na kenda. (Fungate ya maharusi ingali ikihesabu siku saba.) Lakini mtoto wa Tanzania aliyefundishwa robo katika shule ya msingi ya serikali huikuta sekondari kwa Kiingereza, ilhali mama yake, muuza mchele, hukokotoa faida kwa Kiswahili, bila kalamu.