Mkato, Nukta na Njia ya Ujiji: Hesabu Zetu Zinapovuka Ziwa



Mada yangu leo ni mkato, alama ndogo inayobeba mambo mazito. Hoja yangu ni moja: anayemtumia jirani hesabu ana wajibu wa kumtumia pia kanuni ya kuzisoma.

Mji huu wa Tabora ulilijua hilo zamani. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, hapa Tabora, mwaka 1857, walikuta misafara ya pwani ikikutana na ile ya Ujiji na Karagwe. Vitambaa vilipimwa kwa shuka na doti, pembe kwa frasila. Doti moja ilikuwa shuka mbili, yaani mikono minane. Frasila ilikaribia ratili 35. Bei haikuwa na maana kabla ya pande zote kukubaliana kipimo.

Kisha ikaja mipaka ya wakoloni. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Ubelgiji yaliingia Tabora Septemba 1916. Baada ya vita, Uingereza ilichukua Tanganyika. Ubelgiji ikabaki na Kongo na Ruanda-Urundi. Huku tukazoea nukta kwa desimali na mkato kwa maelfu. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kongo, wakazoea mkato kwa desimali. Kompyuta zimeurithi mpaka huo, hata ndani ya lugha yetu. Katika CLDR, hazina ya Unicode inayotegemewa na programu nyingi, Kiswahili cha Tanzania na Kenya kina nukta ya desimali, na Kiswahili cha Kongo kina mkato.

Excel kwenye Windows huchukua kitenganishi cha orodha kutoka mipangilio ya eneo. Sisi huandika =ROUND(A1,2). Mahali ambapo mkato ni wa desimali, kazi ya kutenganisha hupewa nuktamkato: =ROUND(A1;2). Fomula ikikataliwa, mwandishi ataitafuta kasoro na kuirekebisha. Ya kuogopwa ni ile inayokubalika. Andika =SUM(1,5) hapa Tabora, utapata 6. Iandike Kalemie, ng'ambo ya ziwa, kwenye kompyuta yenye mipangilio ya huko, utapata moja na nusu. Hakuna onyo litakalotokea. Kama hesabu hiyo ni ya dozi za dawa au magunia ya mahindi, anayeumia ni mtu ambaye hakuigusa kompyuta.

Nini kifanyike? Kwanza, fomula isitumwe kama maandishi ya kunakili; litumwe faili la Excel lenyewe, kwa kuwa ndani yake fomula huhifadhiwa kwa umbo moja na kuonyeshwa kwa desturi ya anayelifungua. Pili, faili la CSV lisifunguliwe kwa kubofya tu, maana data yote inaweza kurundikana kwenye safu moja. Liingizwe kwa kuchagua kitenganishi na alama ya desimali. Tatu, kila jedwali lianze na mstari unaotaja alama hizo, pamoja na jumla ambayo mpokeaji ataihakiki kabla ya kulitumia jedwali.

Mwaka 2003 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliridhia nukta na mkato vyote viwili kuwa alama za desimali. Basi hatuna sababu ya kumlazimisha jirani aache desturi yake. Tunalopaswa kufanya ni kuitaja yetu waziwazi, na nawaomba walimu wa kompyuta walifundishe hilo katika somo la kwanza la lahajedwali, kabla ya fomula yoyote.