Saa ya Titani kwa Mtu wa Pilikapilika

Msikilizaji, kama unaendesha bodaboda, unavua au unakimbia alfajiri, saa nzito ya chuma inachosha mkono. Ipo ya titani. Kwa ukubwa uleule, titani ina uzito wa nusu na kidogo tu ya chuma cha pua, haili kutu hata kwa maji ya chumvi, na wanaowashwa na nikeli huivaa bila vipele. Citizen ya Japani ilitoa saa ya kwanza ya titani mwaka 1970; leo si ya matajiri peke yao.

Dukani, igeuze usome mgongoni. Neno Titanium linahusu kasha zima au kifuniko tu? Uliza na mkanda pia: kasha la titani likifungwa mkanda wa chuma, sehemu kubwa ya uzito imerudi. Wa nailoni ni nafuu, mimi ningechukua huo. Maandishi ya kuzuia maji hadi mita 30 yasikudanganye, hiyo ni ya manyunyu. Ukiogelea tafuta 100.

Na michubuko? Titani isiyopakwa kinga huchubuka upesi. Mpenda mng'ao atafute nyingine. Ukichagua ya betri, siku ya kuibadilisha mwambie fundi akague mpira unaozuia maji.