KUIKUZA PICHA YA MTU ANAYEKWENDA

(Mazungumzo yetu mbele ya wenzetu wa darasa la jioni)



Leo tumeombwa tuzungumze juu ya kuikuza picha ya video, hasa picha ya mtu au mnyama anayekwenda. Wengine watauliza: sisi wakulima, jambo hili latuhusu nini? Latuhusu sana. Siku hizi simu ya kupiga picha imo katika nyumba nyingi vijijini. Na picha ya simu yaweza kumtia mtu hatiani. Basi tuanze na kisa kilichotupata.

Ng'ombe waliingia katika shamba la mahindi la jirani yetu. Kijana mmoja alikuwa ng'ambo ya bonde. Akatoa simu, akapiga picha za video kwa sekunde 12. Ndani yake anaonekana mtu wa shati jekundu akiwaswaga ng'ombe. Jioni watu wakakusanyika. Wakaisimamisha picha, wakaivuta kwa vidole mpaka yule mtu akajaa kwenye kioo. Mmoja akasema, "Si mzee wetu wa kule mtoni huyu!" Mwingine akaitikia. Kabla ya watu kulala, kijiji kizima kilikuwa kimekwisha kuhukumu.

Mzee akakana. Kesho yake wazee wakatuita sisi, kwa kuwa tuna kompyuta ya kutengenezea picha za arusi. Wakasema, "Wanetu, tuonyesheni vizuri."

Kwanza tuliwaeleza hivi. Picha ya video ni vitone vingi vilivyopangwa pamoja, kama mkeka ulivyo wa chane nyingi. Picha ya aina iliyo katika simu nyingi ina vitone 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Jumla ni vitone 2,073,600. Ni vingi, sivyo? Lakini yule mtu alikuwa mbali. Kimo chake kilikuwa kama sehemu moja ya kumi ya kimo cha picha. Yaani vitone 108, kutoka utosini mpaka unyayoni. Na kichwa cha mtu mzima ni kama sehemu moja ya saba au ya nane ya kimo chake. Pigeni hesabu. Kichwa chote kilipata vitone 14 au 15 tu kwa kimo! Macho, pua na mdomo vigawane hivyo. Nani atamjua mtu kwa vitone hivyo?

Kuikuza picha hakuongezi vitone. Hukuza vile vile vilivyopo. Ukiuvuta mkeka, ukindu hauongezeki. Ndiyo maana picha iliyovutwa sana huwa kama ukungu, na kila mtu huona katika ukungu kile anachokitaka.

Pili, tuliomba picha ya asili kutoka katika simu ya yule kijana. Ile iliyokuwa ikizunguka kijijini ilikuwa imetumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida. Picha ikitumwa hivyo hupunguzwa ili iwe nyepesi. Kwa hiyo tulichukua ya asili, tukaiweka nakala, na kazi tukaifanya juu ya nakala.

Tatu, tukaifungua katika programu ya kuhariri video. Hapa ndipo penye kazi. Ukiikuza picha mara mbili, unaona nusu tu ya upana wake na nusu ya kimo chake. Na mtu anakwenda! Punde si punde atakuwa ametoka nje ya kioo. Lazima picha imfuate. Tulifanya hivi:

1. Tulikwenda mwanzo wa video. Tukaikuza picha, tukamweka yule mtu katikati.

2. Tukaweka alama hapo. Programu nyingi huionyesha alama hiyo kwa umbo dogo la almasi. Alama humwambia kompyuta: wakati huu, picha iwe hapa, na ukubwa uwe huu.

3. Tukasogea mbele sekunde moja. Mtu alikuwa amekwenda pembeni. Tukaisogeza picha mpaka akarudi katikati, tukaweka alama ya pili.

4. Tukaendelea hivyo mpaka mwisho. Alipokwenda kwa haraka, tuliweka alama karibu karibu.

Kati ya alama moja na nyingine, kompyuta huisogeza picha yenyewe. Ni msaada mkubwa, maana video yetu ilikuwa na picha 30 katika kila sekunde. Sekunde 12 ni picha 360. Kuzisogeza moja moja kwa mkono ni kazi ya kuchosha. Ziko programu zinazoweza kumfuata mtu zenyewe, lakini mtu akipita nyuma ya mti aweza kupotea. Basi macho yako yasiache kukagua.

Haya, wazee wakatazama. Uso haukuonekana. Lakini sasa mwendo ulionekana, kwa sababu picha ilitulia juu ya mtu mmoja. Katika sekunde ya tisa yule mtu aliufikia mtaro. Akauruka kwa mbio, akatua, akaendelea kukimbia. Baraza likanyamaza. Mzee aliyeshitakiwa mguu wake ulivunjika zamani. Hutembea kwa fimbo. Hata kizingiti cha mlango hukivuka polepole.

Jana yake watu wote waliisimamisha picha ili waufahamu uso. Hawakungoja waone miguu.

Mzee aliachiwa. Aliyewaswaga ng'ombe wale hatujamjua hadi leo, na jirani yetu hasara yake angali nayo. Hilo latuuma. Lakini kumlipisha asiyehusika kusingeyarudisha mahindi.

Ndugu zetu, shikeni mambo haya. Ukipiga picha, sogea karibu kama ni salama. Hatua zako ni bora kuliko kuvuta kwa vidole. Kama simu yako yaweza kupiga video ya 4K, itumie. Hiyo ina vitone 3,840 kwa 2,160, yaani mara nne ya ile tuliyoitaja. Yaweza kukuzwa mara mbili, ikaonyeshwa katika kioo cha vitone 1,920 kwa 1,080, na isiharibike. Itunze picha ya asili. Tena jihadharini na programu za siku hizi zinazosafisha uso ulio kama ukungu. Hizo hubuni kile kisichokuwapo. Kwa arusi, hewala. Kwa kumshitaki mtu, hasha.

Tulijifunza kusoma ili tusidanganywe na karatasi. Sasa tujifunze kusoma picha pia. Elimu haina mwisho.